Dawa ya Kusafishia Picha: Kazi ya Mizani na Uangalifu

Yako mambo mengi ambayo watu huyadhania kuwa ni siri za viwanda, kumbe ni kazi ambayo mtu mwenye mizani, kipimajoto na subira aweza kuifanya nyumbani kwake. Mojawapo ni kutengeneza dawa ya kusafishia filamu za picha nyeusi na nyeupe. Dawa hii huuzwa katika chupa na pakiti zenye majina makubwa, na kwa sababu ya majina hayo wengi huamini kwamba ndani yake mna kitu ambacho mtu wa kawaida hawezi kukijua. Lakini fomula za dawa zilizo maarufu kabisa zilichapishwa wazi vitabuni tangu zamani. Tena baadhi ya vitu vitiwavyo ndani yake ni vile vile vinavyotumika kufulia nguo, kutengenezea kioo na kuhifadhia vyakula.

Ni kweli kwamba siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu, wala hazihitaji dawa yoyote. Hata hivyo filamu haikufa. Wako wapiga picha na wanafunzi walioirudia, na wako watu wenye kamera za baba zao zilizokaa kabatini miaka mingi nazo bado ni nzima. Akaaye mbali na miji mikubwa hukutana na taabu moja: filamu ni nyepesi, aweza kuiagiza ikamfikia, lakini chupa za dawa ni nzito, hugharimu sana kusafirishwa, na pengine hufika zikiwa zimekwisha haribika.

Tena viwanda vyenyewe si vya kutegemewa milele. Ilford ya Uingereza ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa madeni mwezi wa Agosti 2004, ingawa mwaka uliofuata iliokolewa. AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2005. Kodak ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi wa Januari 2012. Mpiga picha anayejua pakiti moja tu husimama kazi siku ile pakiti hiyo inapokosekana dukani. Ajuaye kilichomo ndani ya pakiti hana sababu ya kusimama.

KAZI YA DAWA

Filamu ni utando uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini mna chembe ndogo mno za chumvi ya fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga uingiapo katika kamera na kuzigusa chembe hizo, huacha alama ndogo isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kusafishia huzitambua chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza kuwa fedha halisi, ambayo kwa udogo wa chembe zake huonekana nyeusi. Zile ambazo hazikuguswa hubaki kama zilivyo mpaka ziondolewe na dawa ya pili, ambayo mafundi huiita fiksa. Ndiyo sababu mbingu au kanzu nyeupe huonekana nyeusi kwenye filamu, na kivuli huonekana kama kioo kitupu. Picha ichapwapo kwenye karatasi, mambo hugeuka tena yakawa sawa.

Tendo hili hufanyika mara moja tu. Barua iliyokosewa huandikwa upya, na hesabu iliyopotoka husahihishwa. Lakini filamu yenye picha za arusi ya jana, au ya mzee ambaye amekwisha kufariki, ikitiwa katika dawa mbovu hakuna awezaye kuirudisha. Kwa hiyo atengenezaye dawa mwenyewe anachukua dhamana, hasa ikiwa picha ni za watu wengine waliokwisha kumlipa.

WATENDA KAZI WANNE

Karibu kila dawa ya kusafishia ina watenda kazi wanne, na mtu akimfahamu kila mmoja, fomula yoyote humwelea.

Wa kwanza ni yule aletaye picha yenyewe. Anayejulikana sana ni metoli, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1891. Mwenzake ni haidrokwinoni, ambayo Mwingereza William Abney aligundua kazi yake katika picha mwaka 1880. Metoli huanza kazi upesi na kuonyesha hata sehemu zilizopata mwanga kidogo. Haidrokwinoni huongeza weusi penye mwanga mwingi. Wakitiwa pamoja hufanya kazi kubwa kuliko jumla ya kazi ya kila mmoja peke yake, na kwa hiyo fomula nyingi zina wote wawili.

Wa pili ni mlinzi, naye ni salfaiti ya sodiamu. Metoli na haidrokwinoni huharibiwa na hewa, zikageuka rangi ya chai na kupoteza nguvu. Salfaiti huzikinga. Tena ikitiwa kwa wingi, hulainisha kingo za chembe za fedha, na picha ikikuzwa haionekani kuwa na mchanga mchanga.

Wa tatu ni mchochezi, yaani alkali. Bila alkali, yule wa kwanza hulala au hufanya kazi polepole mno. Boraksi ni mchochezi mpole, hutumika kwa filamu. Kaboneti ya sodiamu ni mwenye nguvu zaidi, hutumika hasa katika dawa za karatasi.

Wa nne ni mzuiaji, naye ni bromidi ya potasiamu. Kazi yake ni kuzizuia zile chembe ambazo hazikuguswa na mwanga zisigeuke nyeusi, maana zikigeuka, picha yote hufunikwa na ukungu. Dawa nyingine za filamu, zenye alkali ndogo, hazimhitaji.

MAJINA YANAYOFANANA

Kabla ya kununua kitu chochote, mtu na asome jina lake herufi kwa herufi. Salfaiti ndiyo itakiwayo. Salfeti ni kitu kingine, haimkingi mtu na hewa. Salfaidi ni kitu cha tatu, chenye harufu ya yai bovu, nayo huharibu filamu. Tena iko thaiosalfeti, ambayo ndiyo hutengenezewa fiksa, na ikiingia katika dawa ya kusafishia huleta ukungu. Karani aliyezoea kutofautisha majina mawili yanayofanana katika daftari ataona kwamba jambo hili ni lile lile. Kila chupa ibandikwe karatasi yenye jina kamili na tarehe, wala asitegemee kukumbuka.

Iko hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Kemikali nyingi huuzwa kwa namna mbili: unga mkavu kabisa, au fuwele zenye maji ndani yake. Fuwele za salfaiti ya sodiamu, nusu ya uzito wake ni maji. Ikiwa fomula inataka gramu 100 za unga mkavu, mwenye fuwele hana budi kupima gramu 200. Kwa kaboneti ya sodiamu tofauti ni kubwa zaidi: gramu 1 ya unga mkavu ni sawa na gramu 2.7 za fuwele kubwa za kufulia. Watu wengi waliolaumu fomula walipaswa kulaumu jambo hili. Mfugaji ajua kwamba dawa ya josho ikiwa hafifu kupe hawafi, na ikiwa kali mno ng'ombe hudhurika. Dawa ya picha ni hivyo hivyo.

FOMULA YA KUANZIA

Afaaye kuanza na aanze na fomula iliyo nyepesi kuliko zote, iitwayo D-23. Ilitolewa na wataalamu wa Kodak mwaka 1944, nayo ina vitu viwili tu:

Metoli, gramu 7.5
Salfaiti ya sodiamu kavu, gramu 100
Maji, mpaka yatimie lita 1

Hapa salfaiti yenyewe ina alkali kidogo ya kutosha, kwa hiyo ni mlinzi na mchochezi kwa wakati mmoja.

Namna ya kuchanganya ni hii. Yachukuliwe maji mililita 750 yaliyochemshwa na kuachwa yapoe mpaka digrii 50. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri hufaa. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi yafaa kuepukwa, au yachemshwe na kuachwa yatulie kwanza. Kitiwe kidoto kimoja tu cha salfaiti, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili vyenye glovu. Kisha itiwe metoli yote, na maji yakorogwe polepole mpaka yawe maangavu. Baada ya hapo ndipo salfaiti iliyobaki itiwe kidogo kidogo huku maji yakikorogwa. Mwisho yaongezwe maji baridi mpaka lita 1.

Utaratibu huu una sababu. Metoli haiyeyuki vizuri katika maji yaliyokwisha jaa salfaiti. Atakayeanza na salfaiti ataona chembe nyeupe zikielea ambazo hazikubali kuyeyuka. Lakini metoli ikitiwa peke yake katika maji ya moto, hewa huanza kuiharibu papo hapo, na kile kidoto cha kwanza ndicho huikinga kwa dakika hizo chache. Wala isikorogwe kwa nguvu kama apigaye mayai, maana hewa ndiyo adui, naye atakuwa anaiingiza kwa mikono yake mwenyewe.

Akiisha kuizoea hiyo, aweza kuendelea na D-76, iliyotungwa katika maabara ya Kodak miaka ya 1920 na ambayo hata leo hutumika dunia nzima. Dawa ya Ilford iitwayo ID-11 ni fomula hiyo hiyo:

Metoli, gramu 2
Salfaiti ya sodiamu kavu, gramu 100
Haidrokwinoni, gramu 5
Boraksi, gramu 2
Maji, mpaka yatimie lita 1

Vitu hutiwa kwa kufuata orodha ilivyo, na kile kidoto cha salfaiti kikiwa mbele kama kwanza. Haidrokwinoni lazima ifuate salfaiti, si kuitangulia. Kila kitu kiyeyuke kabisa ndipo kingine kitiwe.

Kwa kupata picha kwenye karatasi, fomula ya D-72 hufaa: metoli gramu 3, salfaiti kavu gramu 45, haidrokwinoni gramu 12, kaboneti ya sodiamu kavu gramu 67.5, bromidi ya potasiamu gramu 2, na maji lita 1. Wakati wa kutumia huzimuliwa kwa sehemu 2 za maji kwa kila sehemu 1 ya dawa.

Dawa zote hizi zikae katika chupa za rangi ya kahawia, zilizojazwa hadi shingoni na kufungwa kabisa. D-76 katika chupa iliyojaa hukaa miezi 6. Katika chupa yenye nusu hukaa kama miezi 2. Chupa ndogo nyingi ni bora kuliko chupa kubwa moja inayofunguliwa kila juma.

MIZANI ISIYO NDOGO

Mtu aweza kusema, "Mizani yangu haipimi gramu 2 kwa uhakika." Kwa boraksi na bromidi iko njia. Apime gramu 20 za boraksi, aziyeyushe katika maji yatimie lita 1. Basi kila mililita 100 za maji hayo zina gramu 2 kamili, naye atayapunguza hayo katika hesabu ya maji yake. Vivyo hivyo gramu 10 za bromidi katika mililita 100 za maji: kila mililita 20 zina gramu 2. Kosa la nusu gramu katika gramu 20 ni dogo. Kosa hilo hilo katika gramu 2 ni robo nzima.

Kwa metoli njia hii haifai, maana ikiyeyushwa peke yake haikai. Hapo hapana budi kupata mizani ndogo ipimayo sehemu ya kumi ya gramu, kama zile za kupimia dhahabu. Vitabu vya zamani hutaja wakia badala ya gramu. Wakia moja ni gramu 28.35, na ni heri kugeuza hesabu yote kwenye karatasi kwanza kuliko kuigeuza huku mkono mmoja umeshika kijiko.

JOTO LA NCHI

Fomula nyingi ziliandikwa na watu wa nchi za baridi, na muda wao huhesabiwa kwa maji ya digrii 20. Kwa mfano filamu ya HP5 Plus katika ID-11 isiyozimuliwa hukaa dakika 7 na nusu kwa joto hilo. Katika nyanda za juu maji ya asubuhi aghalabu huwa karibu na kiasi hicho. Lakini Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja maji ya bomba yenyewe huwa na joto zaidi, na dawa hufanya kazi mbio. Kwa digrii 24 muda hupungua hadi karibu theluthi mbili, yaani dakika 5.

Muda usipungue dakika 5, kwa sababu dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa, na filamu hutoka na mabaka. Mtu wa pwani anazo njia tatu. Ya kwanza ni kuiweka chupa ya dawa ndani ya beseni lenye barafu mpaka ipoe. Barafu isitiwe katika dawa yenyewe, maana itaizimua bila kipimo. Ya pili ni kuizimua D-76 kwa maji kiasi sawa, kuongeza muda, na kuimwaga baada ya kutumika mara moja. Ya tatu ni ya zamani, nayo ni kuongeza salfeti ya sodiamu kavu, gramu 50 hadi 100 kwa lita kadiri ya joto. Hapa ni salfeti kweli, si salfaiti. Kazi yake ni kuizuia jelatini isivimbe na kulainika kama ugali wa maji. Filamu za sasa zimekazwa zaidi kiwandani kuliko za zamani, kwa hiyo si kila mara njia hii ihitajike.

Liwalo lolote, dawa ya kusafishia, fiksa na maji ya kuoshea yawe na joto moja. Filamu ikitolewa katika dawa ya moto na kutumbukizwa katika maji baridi, jelatini hupasuka mistari midogo kama tope la bwawa lililokauka.

MAGADI NA KAHAWA

Wasomaji wa nchi hizi watapendezwa kujua kwamba mmoja wa wale watenda kazi wanne hutoka hapa hapa. Ziwa Magadi, katika Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, lina magadi yasiyo kifani, na kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Magadi hayo yakichomwa hutoa kaboneti ya sodiamu, ambayo husafirishwa hadi nchi za mbali kwa kazi ya viwanda vya kioo. Ndiyo kaboneti ile ile itakiwayo katika dawa ya picha. Lakini magadi mabichi ya sokoni, yale ya kulainishia maharagwe, yasitumiwe, kwa sababu yamechanganyika na bikaboneti na chumvi, na nguvu yake haijulikani.

Aliye na bikaboneti tu, ile ya kuumulia mikate, aweza kuigeuza mwenyewe. Aieneze katika sinia na kuitia katika joko la digrii 200 kwa muda wa saa moja. Mvuke na hewa hutoka ndani yake, na gramu 100 hubaki gramu 63. Mizani ikionyesha uzito huo, kazi imekwisha. Ikiwa bado ni zaidi, irudishwe motoni.

Tena iko kahawa. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha ufundi cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga iyeyukayo upesi, ikichanganywa na kaboneti ya sodiamu, husafisha filamu. Baadaye watu waliongeza vitamini C, na dawa ikapata nguvu zaidi. Kipimo kinachotumiwa sana kwa lita 1 ni kaboneti kavu gramu 54, vitamini C gramu 16 na kahawa gramu 40, na filamu hukaa dakika 15 kwa digrii 20. Wengi hudhani kwamba kazi hufanywa na ile kafeini imwondoleayo mtu usingizi. Sivyo. Hufanywa na asidi zilizomo ndani ya kahawa, nazo ni nyingi zaidi katika robusta, ile ilimwayo kwa wingi Uganda, kuliko katika arabika ya Nyeri na Kiambu. Basi kahawa ya bei nafuu ndiyo ifaayo, na mkulima wa arabika hana haja ya kuiharibu kahawa yake nzuri. Dawa hii hunuka vibaya, huacha rangi kidogo kwenye filamu, na haiwekeki. Lazima itumiwe siku hiyo hiyo. Lakini kwa aliyekosa metoli kabisa, ni msaada wa kweli.

USALAMA WA WATU

Kuwa kemikali hizi huuzwa hadharani si hoja ya kuzichezea. Metoli huwatokea watu wengine na upele wa mikono, na aliyepata upele huo mara moja huenda asiweze kuigusa tena maisha yake yote. Kwa hiyo glovu za mpira zivaliwe tangu siku ya kwanza, si baada ya kuwashwa. Unga usipeperushwe usoni; mlango au dirisha liwe wazi wakati wa kupima.

Haidrokwinoni ndiyo ile iliyotiwa katika mafuta ya kujichubua ngozi, na ambayo imepigwa marufuku katika vipodozi Kenya na Tanzania kwa sababu ya madhara yake. Mwenye chupa ya kemikali hiyo nyumbani na aifungie kwa ufunguo, asimpe mtu hata kijiko kimoja kwa ombi lolote.

Vyombo vya dawa visirudi jikoni kamwe. Chupa za soda na za maji ya kunywa zisitumiwe kuwekea dawa, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi karatasi iliyobandikwa. Soda kali ya kuzibulia mabomba si badala ya kaboneti. Huunguza ngozi na macho. Wala dawa iliyotumika isimwagwe mtoni, karibu na kisima, au mahali mifugo inaponywa. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake. Ikitiwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na kuachwa siku kadhaa, fedha hujitenga na kubaki chini kama tope jeusi.

KUJARIBU KABLA YA KUAMINI

Baada ya kazi hii yote, mtu asichukue filamu ya mteja na kuitia katika dawa ambayo hajaijaribu. Ncha ya filamu, ile ivutwayo wakati wa kuipakia katika kamera, imekwisha pigwa na mwanga wote. Akate kipande chake na kukitia katika dawa mpya kwenye mwanga wa kawaida. Kikiwa cheusi kabisa kwa muda ule ule utumikao kwa filamu, dawa ni hai. Kikibaki kijivu, kuna kosa, na afadhali alijue sasa. Kipande kingine akitie katika fiksa na kutazama saa: muda kinaochukua mpaka kiwe kiangavu, filamu yenyewe ikae mara mbili yake.

Kisha apige filamu moja ya mambo asiyoyajali, kama ukuta, mti, au kuku wa uani, na kuisafisha kwa dawa hiyo. Ikitoka na kivuli chenye picha ndani yake na mbingu isiyo nyeusi mno, muda ni sawa. Ikitoka hafifu, aongeze muda. Ikitoka nzito, apunguze. Abadilishe jambo moja tu kila mara, ama muda, ama joto, ama kipimo. Akibadili mawili hatajua lipi lililoponya wala lipi lililodhuru.

Na yote hayo ayaandike daftarini: tarehe, fomula, jina la kila kemikali na kama ni unga au fuwele, joto, dakika, na namna filamu ilivyotoka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Baada ya filamu kumi au ishirini daftari hilo litamfaa kuliko kitabu chochote kilichoandikwa Rochester au London, kwa kuwa kitakuwa kimeandikwa kwa maji ya kwao, joto la kwao na mizani yake mwenyewe. Wateja wa mji mdogo hawaulizi dawa ilitoka kiwanda gani. Huuliza tu kama picha zimetoka, na aliyepima vizuri aweza kuwajibu kwamba zimetoka.